Kundi na Msemaji: Historia ya Tanzia na Kichekesho hadi Mashimoni

Mashimoni, kijiji cha Kibera jijini Nairobi, kama ilivyo Kawangware ng'ambo ya Ngong Road, mchezo wa kuigiza huanza kwa ngoma, kwa kuwa hakuna pazia la kufungua wala tikiti ya kukata. Watu wako mbioni kutafuta riziki. Hawana budi kuvutwa. Fani hii ya uwanjani ina nasaba yake, na nasaba isiyoandikwa hupotea. Naiandika hapa kwa ufupi.

Shina lake ni wimbo wa kuitikiana. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipopata makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, familia zao zilikuwa na doluka, ngoma ya wanawake ya arusini: mmoja hutoa, kundi hupokea. Wagiriki wa kale nao walianzia kwenye wimbo wa kundi. Aristotle aliandika kwamba tanzia ilitokana na viongozi wa dithirambo, wimbo wa kundi wa kumtukuza mungu Dionysus. Mapokeo yanasema mnamo 534 KK, mjini Athens, Thespis alijitenga na kundi, akajifanya mtu mwingine, akaanza kujibizana na wenzake. Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu. Kadiri waigizaji walivyoongezeka, ndivyo sauti ya kundi ilivyopungua.

Kicheko nacho kilikuwa na zamu yake. Katika sikukuu ya Dionysus kila mshindani alileta tanzia tatu, kisha mchezo wa masatiri: kundi la viumbe wenye masikio na mkia wa farasi, walevi na waoga, wakivuruga visa vya mashujaa. Sifa ya kuuanzisha hupewa Pratinas wa Phlius. Inasimuliwa kwamba Pratinas alipokuwa akishindana na Aeschylus, majukwaa ya mbao waliyokalia watazamaji yaliporomoka, na Athens ikaamua kujenga mahali pa kudumu pa maonyesho.

Huku kwetu kilio na kicheko vilikaa karibu vilevile. Pwani, vichekesho vilichezwa katikati ya taarabu. Wachezaji hawakuwa na maandishi. Walikuwa na kisa na ulimi mwepesi. Ebrahim Hussein wa Tanzania aliufuata mtindo huo katika Alikiona, na kalamu hiyohiyo ikatupa Kinjeketile mwaka 1969, tanzia ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kinjeketile anawaunganisha watu kwa maji, anashindwa kuizuia imani aliyoiwasha mwenyewe, na mwisho, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kuyakana maji hayo. Samuel Mushi naye alimleta Sophocles kwa Kiswahili katika Mfalme Edipode.

Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, walijijengea uwanja wa maonyesho usio na paa. Humo wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji walisahihisha maneno ya mchezo wakati wa mazoezi, kwa sababu kisa kilikuwa chao: ardhi, mshahara, kiwanda. Mchezo ulianza Oktoba. Novemba ukapigwa marufuku. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Machi 1982 serikali ikaubomoa uwanja. Majukwaa ya Athens yalianguka, mji ukajenga. Ya Kamirithu yalisimama, serikali ikayaangusha. Jeraha hilo bado liko katika fani yetu.

Miaka michache baadaye tanzia ilijitokeza karibu kabisa na Kibera. Wakili S. M. Otieno, mkazi wa Langata, alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka azikwe shambani kwao Ngong; ukoo wake wa Umira Kager ukadai mwili uende Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki hiyo Mei 1987. Ugomvi juu ya maziko ya maiti ndio msingi pia wa Antigone ya Sophocles. Mwaka 1988 Hussein akaugeuza ugomvi wa Otieno kuwa tamthilia, Kwenye Ukingo wa Thim.

Serikali ya Kenya ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, vikundi vya vijana mitaani vilishika mchezo wa jukwaa kama njia ya kuzungumza yasiyozungumzwa nyumbani. Mbinu yao ina deni kubwa kwa Mbrazili Augusto Boal, mwanatamthilia aliyewaalika watazamaji kuingia mchezoni. Mduara huchorwa vumbini, watoto huketi mbele. Mchekeshaji huingia kwanza, tumbo limejazwa matambara, suruali imefungwa kamba, akiomba deni kwa mama mboga. Watu wakishasimama na kucheka, kisa hugeuka. Mama ana mtoto mgonjwa na noti moja mkononi. Mwenye nyumba yuko mlangoni. Hapo mwezeshaji husimamisha mchezo na kuuliza: wewe ungefanya nini? Mpita njia huweka chini mtungi wake wa maji, huingia mduarani, huchukua nafasi ya mama na kumjibu mwenye nyumba kwa maneno yake mwenyewe. Wengine humpinga, naye hutetea alilosema.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Mashimoni ilipoongeza ukurasa wake. Athens ilimtoa msemaji katika kundi, kisha kundi likanyamaza kidogo kidogo. Mashimoni kundi limerudishiwa neno. Kicheko, kilichokuwa cha mwisho kwa Wagiriki, hapa hutangulia, kwa kuwa ndicho kinachowakusanya watu walio na haraka ili waweze kulia pamoja na kushauriana.

Fani hii haidai taa wala viti. Inadai ardhi tupu, na ardhi tupu ndiyo inayokwisha haraka kuliko kitu kingine Kibera na Kawangware. Nawaomba wanaochora ramani za kuboresha mitaa yetu watenge uwanja wa watu kukusanyika, wauandikie hati, na wasimruhusu yeyote kuuzungushia ua. Nawe msomaji, ukipita ukaona mduara, ingia useme lako.