Ukosefu wa bakuli ulivyozaa tambi za kikombe

TAMBI za kikombe zinazouzwa katika supamaketi zetu zilitokana na suala la chombo kuliko la upishi.

Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Osaka, Japani, aliwaona watu wakipiga foleni kwenye baridi kungojea bakuli moja la tambi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mnamo 1958 akaanza kuuza tambi kavu. Zilikaangwa hadi maji yakatoka, zikabaki na vitundu ambavyo maji moto huvijaza tena kwa dakika chache.

Mwaka 1966 alizipeleka Marekani. Wanunuzi aliowakuta hawakuwa na bakuli. Walizivunja, wakazitia katika vikombe vya karatasi na kuzila kwa uma. Mwingine angecheka. Ando aliona chombo kimoja kinachoweza kuwa kifungashio, sufuria na sahani.

Kikombe chake kiliingia sokoni Septemba 1971. Bonge la tambi lilikwamishwa katikati bila kugusa chini, lisije likavunjika safarini.

Februari 1972, Wajapani waliwaona runingani polisi wakizila kwenye baridi kali ya milimani, walipozingira nyumba ya wageni iliyotekwa na wanamgambo.