Kufungwa kwa Ofisi si Kufungwa kwa Kazi: Mafunzo ya Miaka 1972, 1976 na 1984

Katika madarasa ya itikadi tunayofundisha hapa Masumbwe, swali moja hurudi kila mwaka: chombo cha umma kikifungwa, nani hufanya kazi iliyoachwa, na kikifunguliwa tena kianzie wapi? Makada vijana wamesikia kwamba huko Marekani ofisi za Serikali Kuu hufungwa kila Bunge lao linaposhindwa kupitisha fedha. Kwamba zilifungwa kwa siku 35 kuanzia Desemba 2018, na kwa siku 43 mwaka 2025, watumishi wakakaa bila mishahara. Wengine hucheka, wakidhani hayo ni mambo ya mbali. Hatuna budi kuwakumbusha kwamba nchi yetu imepitia kufungwa kukubwa zaidi ya huko. Halmashauri za wilaya zilifungwa kwa zaidi ya miaka 11. Vyama vikuu vya ushirika vilifungwa kwa miaka 8 hivi. Wala havikufungwa na adui. Tulivifunga wenyewe.

Wakati huo Masumbwe ilikuwa katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Leo, tangu 2012, ni sehemu ya Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Wengi wetu tunaofundisha sasa tulikuwa watoto wachanga au hatujazaliwa. Lakini mkulima wa pamba wa huku bado hupima kila neno la kiongozi kwa mizani ya miaka ile. Kada asiyeijua historia hiyo hataelewa kwa nini wananchi wananyamaza anapowahimiza kujiunga na ushirika.

I. KUFUNGWA KWA KWANZA: MKOLONI NA TANU, 1954 – 1958

Tuanze na kufungwa ambako umma ulikushinda. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kabla mwaka huo haujaisha, Serikali ya kikoloni ilikataa kuiandikisha katika Usukuma, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1958. Mkoloni alikuwa na sababu. Hapa Jimbo la Ziwa wakulima wa pamba walikuwa wamekwisha kujifunza kusimama pamoja. Walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kisha, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirikisho makubwa kabisa ya Waafrika barani.

TANU ya Usukuma haikuwa na ofisi wala kibali cha mkutano. Lakini watu wake walijuana. Walikuwa wamejiandikisha kwa hiari yao katika vyama vya msingi, walimjua aliyeshika daftari, walimjua aliyeshika fedha, na viongozi wengi wa ushirika na wa siasa walikuwa walewale. Mwaka 1958 mkoloni alipolazimisha baraza la mseto wa rangi huko Geita, maelfu ya wananchi walilikataa wakaandamana hadi Mwanza, wakapigwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikusimama, na TANU ikafunguliwa. Siku ya kufunguliwa hapakuwa na haja ya kuwatafuta wanachama. Walikuwapo.

Hilo ndilo funzo la kwanza: chombo ambacho mwanachama anakihesabu kuwa chake hakifi kwa kufungiwa mlango.

II. KUFUNGWA KWA PILI: MADARAKA MIKOANI, 1972

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Halmashauri za wilaya zilibebeshwa shule za msingi, zahanati, barabara na visima, lakini mifuko yao ilikuwa mitupu. Mwaka 1969 kodi za mitaa na ushuru wa mazao viliondolewa. Ilikuwa nafuu kwa mwananchi, lakini halmashauri zikabaki zikitegemea fedha za Serikali Kuu. Kamba hukatikia pembamba. Tarehe 1 Julai 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na mwaka uliofuata zikafuata halmashauri za miji.

Nia ilitamkwa wazi: kuondoa maamuzi Dar es Salaam na kuyasogeza kwa wananchi. Lakini tukitazama jinsi mpango ulivyotekelezwa, tunaona ukinzani. Waliosogea ni maofisa. Mkoa ulipata Mkurugenzi wa Maendeleo, wilaya ikapata wake, na hao waliwajibika juu, kwa wizara na kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Diwani aliyechaguliwa, ambaye mwananchi angeweza kumkamata njiani na kumuuliza habari za kisima, alinyimwa chombo chake. Madaraka yalifika mikoani yakaishia ofisini. Mijini, ambako takataka na maji havisubiri mipango ya mwaka, hali iliharibika upesi mno hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Vijijini tulisubiri zaidi.

III. KUFUNGWA KWA TATU: USHIRIKA, MEI 1976

Vyama vya ushirika navyo vilikuwa na ugonjwa wake. Wakati wa Uhuru vilikuwa 857; kufikia 1966 vilizidi 1,500, vingi vikiwa vimeanzishwa kwa haraka na kwa shinikizo la wanasiasa kuliko kwa haja ya wakulima. Kamati maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta wanachama wasiojua mambo ya chama chao, watumishi wasio waaminifu, na siasa ikiingilia biashara. Shirikisho la Victoria liliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na mwaka 1968 likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Nyanza. Dawa iliyofaa ilikuwa kumwelimisha mwanachama ili awatoe wezi yeye mwenyewe. Tulichagua dawa nyepesi zaidi. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikifanya kijiji kuwa chama cha ushirika cha shughuli zote, na tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa.

Tuangalie kilichotokea kwa mkulima wa pamba wa Kahama. Mwaka huohuo Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi. Muda mfupi kabla yake, Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu kutoka mashamba yao ya zamani. Sasa mnunuzi wa pamba ni Mamlaka ya Pamba, na bidhaa za dukani zinatoka Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Kijiji kina halmashauri ya watu 25, mizani na ghala, lakini hakina lori, hakina mhasibu, wala hakina hisa katika viwanda vya kuchambua pamba ambavyo jasho la wakulima lilivijenga. Mali ya vyama vikuu ilikwenda kwa mashirika ya umma, na mwanachama hakuulizwa. Neno "kukopwa" likaingia katika lugha ya mkulima: kupeleka mazao leo na kuambiwa fedha zitakuja.

IV. UMMA ULIVYOJISAIDIA

Je, kazi ilisimama? Hapana, ilihama. Na hapa ndipo kada anapaswa kusoma kwa makini, maana kujisaidia kwa umma kulikuwa kwa namna tatu, na si zote zilikuwa za neema.

Namna ya kwanza ni mkulima kuhama zao. Pamba ilitaka mnunuzi mmoja ambaye hakulipa kwa wakati. Mpunga na mahindi yaliliwa nyumbani na yaliweza kuuzwa kwa yeyote. Mashamba ya mpunga yakapanuka. Sisi tuliita biashara hiyo ulanguzi, na kweli walanguzi walikuwapo. Lakini mkulima hakuwa akipinga ujamaa. Alikuwa akijibu hesabu.

Namna ya pili ni vikundi vya kazi. Usukuma na Unyamwezi vina mila ndefu ya kulima kwa zamu, kwa ngoma, kila kikundi na kiongozi wake na faini zake kwa mvivu. Vikundi hivyo havikuandikishwa popote, kwa hiyo hapakuwa na amri ya kuvivunja. Vilibaki vikifanya kazi ambayo vyombo rasmi vilishindwa kuifanya.

Namna ya tatu ni Sungusungu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi, na vyombo vya dola vilikuwa mbali. Mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na jirani zake, wananchi walishika upinde na mishale, wakachagua ntemi na viongozi wao, wakakubaliana kwamba yowe likipigwa kila mwanamume anatoka. Wizi ulipungua sana. Chama kiliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini historia ya kweli haiachi upande mmoja. Palipokosekana mipaka ya sheria, kulikuwa na waliopigwa na kufukuzwa bila kusikilizwa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wazee walioitwa wachawi. Kila pengo linaloachwa na chombo kilichofungwa hujazwa. Anayelijaza huja na nguvu zake, huja pia na chuki za mahali pake. Kiongozi anayefunga chombo bila kupanga nani atashika kazi yake anawajibika kwa hayo pia.

V. KUFUNGULIWA: 1984

Sifa ya Chama chetu ni kwamba kilikubali kujisahihisha. Ilani ya 1980 iliahidi kurudisha Serikali za Mitaa. Mwaka 1982 zilipitishwa sheria za kurudisha halmashauri na ushirika. Madiwani walichaguliwa 1983, na Januari 1984 halmashauri zikaanza kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani mwaka huo kwamba kuvunja Serikali za Mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kiongozi mkubwa kukiri kosa la namna hiyo ni jambo adimu katika Afrika, na kada anayeona haya kulitaja hajamwelewa Mwalimu.

Lakini kufungua nako kuna njia yake, na sisi tulifungua kwa njia ileile tuliyofungia: kutoka juu. Chama Kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, SHIRECU, kiliundwa kwa mipaka ya mkoa, si kwa makubaliano ya vyama vya msingi vilivyokwisha kujijenga. Kila kijiji kilihesabiwa kuwa chama cha msingi. Mtu akawa mwanachama kwa kuishi kijijini, bila kutoa hisa wala kusema ndiyo. Halmashauri nazo zilirudi pamoja na kodi ya maendeleo. Kwa hiyo kijana wa mwaka 1984 alikutana na halmashauri yake kwa mara ya kwanza katika sura ya mtoza kodi. Kodi hiyo ilikaa mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

Matokeo yalionekana. Sheria ya 1991 ilirudisha uanachama wa hiari, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Vyama vikuu, Nyanza na SHIRECU, havikuweza kushindana. Vikazama katika madeni, na viwanda vikasimama. Mwaka 1958 wanachama waliitetea TANU hata mbele ya mabomu ya machozi. Miaka ya 1990 wachache walikitetea chama kikuu, kwa sababu wachache walikihesabu kuwa chao. Mwaka 2018 Serikali ilipoagiza pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi vya AMCOS, wakulima wengi waliuliza swali la baba zao: tutalipwa lini? Na msimu wa 2019, malipo ya wengi yalipochelewa, swali hilo likapata nguvu mpya.

VI. MAFUNZO KWA KADA

Kwanza, daftari la wanachama, la hisa na la mali likae katika chama cha msingi, na mwanachama awe na haki ya kulisoma. Chama kikuu kikifungwa, daftari libaki.

Pili, kila chama kiwe na akiba yake. Halmashauri za 1972 zilikufa kwanza mfukoni, ndipo zikavunjwa kwa sheria.

Tatu, asiyepanga nani atashika kazi, fedha na mali asifunge chombo. Mali ya wanachama ni ya wanachama hata baada ya jina kufutwa.

Nne, kufungua kuanzie chini: kwanza kulipa deni la mkulima, kisha kuandikisha wanaotaka, kisha vyama vya msingi, na mwisho kabisa chama kikuu. Sisi tulianza na jengo la mkoa na kuliacha deni liwe la mwisho.

Tano, vikundi ambavyo umma umejiundia wakati wa shida vitambuliwe, vielimishwe na viwekewe mipaka ya sheria. Visidharauliwe, wala visiachwe huru kuumiza wanyonge.

Ndugu kada, utakapokwenda kijijini kuhimiza ushirika, usianze na hotuba. Omba daftari. Kama lipo na wanachama wanalijua, kazi yako ni nyepesi. Kama halipo, anzia hapo.