Chakula Bora cha Uluguru na Maduka ya Mji wa Morogoro

Chama chetu kikuu kinapotimiza miaka 10, Kamati imetutaka tuandike habari za kazi yetu. Tumeona si vema kuanza na sisi wenyewe, kwa kuwa kazi hii ni ya kale kuliko chama. Mtu aingiapo leo katika duka la vyakula teule hapa mjini, akaona chupa ya mdalasini, pakiti ya pilipili manga na kikapu cha stroberi, ni nadra ajiulize vitu hivyo vimepita njia gani. Njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Kabla ya kuwako Morogoro tuijuayo palikuwa na Simbamwene, mji wenye boma la mawe uliojengwa na Kisabengo, na ukatawaliwa baada yake na binti yake. Stanley aliuona mwaka wa 1871 alipokuwa safarini kumtafuta Livingstone. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika chini ya milima hii kwa sababu palikuwa na maji na chakula. Hivyo tangu zamani mlima ulilima na bonde likanunua.

Mwaka wa 1882 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Morogoro. Wamisionari na walowezi walileta mbegu za mboga na miche ya matunda ya nchi za baridi, na huko juu Mgeta vikastawi vizuri: kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, plamu na stroberi. Mwaka wa 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro, na mji wetu ukawa karibu na pwani kuliko ulivyopata kuwa. Mboga iliyong'olewa mlimani iliweza kuliwa Dar es Salaam kabla haijanyauka.

Walakini faida haikugawanyika sawa. Katika siku za ukoloni mwenye duka mjini aliuza siagi ya kopo, jibini na biskuti kutoka ng'ambo kwa wageni na kwa mabwana wa mashamba ya mkonge. Mama wa Kiluguru alishuka kwa miguu na mzigo kichwani, akauza karoti mbichi kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi. Hakuweza kupandisha tena mzigo huo mlimani jua likishazama, na mnunuzi alilijua hilo. Udhaifu huo wa mwuzaji ndio mzizi wa habari yetu yote.

Tena ardhi yenyewe ilikuwa hatarini. Mwaka wa 1950 Serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na wengi hawakuona mavuno yakiongezeka. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Wazee wetu hawakukataa kuutunza udongo. Walikataa kuamrishwa kazi isiyowapa riziki. Fundisho hilo tunalishika hata leo: mkulima huutunza mlima pale mlima unapomlipa.

Ushirika nao umepita katika mabonde yake. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka wa 1932. Baada ya Uhuru vyama vilienea upesi, vingine kabla havijapata makarani wa kutosha wa kuandika hesabu. Mwaka wa 1967 biashara kubwa ya jumla ilitaifishwa. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka huohuo Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi ili mahali pake pawe na maduka ya vijiji. Nia ilikuwa njema, lakini rafu zilibaki tupu. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni katika miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo hapana aliyefikiri habari za chakula teule. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka wa 1982, na biashara ikafunguliwa baadaye.

Ndipo ulipotokea mlango mpya. Wanunuzi wa mijini walianza kuuliza chakula kimelimwaje. Mwaka wa 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubali kipimo kimoja cha mazao ya kilimo hai, pamoja na alama ya Kilimohai. Mwaka wa 2011 shirika la Sustainable Agriculture Tanzania lilianzishwa hapa Morogoro, likafundisha wakulima kilimo hicho na kuwafungulia duka la mazao yao mjini. Mwaka wa 2021 likafunguliwa jengo jipya la Soko Kuu, lililopewa jina la Chifu Kingalu. Ni jina la haki, kwa kuwa Kingalu ni cheo cha kurithi cha watu wa milima ile ile inayolisha soko hilo.

Sasa tuseme habari zetu, na tuziseme kweli. Wahenga walinena, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Walinena pia, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Katika mwaka wetu wa tatu tulisifiwa mno. Duka moja kubwa la Dar es Salaam lilichukua pilipili manga yetu mara mbili, likaomba mara ya tatu. Mzigo ule wa tatu ulirudi wote. Punje zilikuwa nyepesi, nyingine zimeota ukungu. Tulifungua magunia mbele ya wanachama, tukamwaga punje katika ndoo ya maji, na sehemu kubwa ikaelea.

Kila mkulima wa Kinole, Mkuyuni au Tawa anajua sababu. Pilipili manga yafaa kuchumwa kichala kinapoanza kuonyesha punje nyekundu, kisha ianikwe juani juu ya jamvi hata iwe nyeusi na kavu kabisa. Lakini mwenye shamba huogopa mwizi wa usiku, na ada ya shule haingoji. Mlanguzi naye huja na fedha mkononi mazao yakiwa bado machanga. Hivyo huchumwa mbichi. Karafuu nayo, ambayo yapasa kuchumwa kabla ua halijafunguka, huharibiwa kwa haraka iyo hiyo au kwa uzembe.

Mkutano wetu ulikuwa mkali. Wengine walitaka tulichukue kila gunia, kwa kuwa mwanachama ni mwanachama. Sisi waandishi wa vyama tulinyamaza, maana miongoni mwa magunia yale yalikuwamo ya wajumbe wa Kamati. Akasimama bibi mmoja, akasema, "Wanangu, mimi nimeshusha mizigo mjini tangu ujana wangu. Nilinyonywa kwa sababu sikuwa na pa kukataa. Leo mna pa kukataa, nanyi mnaogopa kukataa uchafu wenu wenyewe?" Hapakuwa na wa kumjibu.

Tukaazimia mambo matatu. Kwanza, kila gunia lipimwe ukavu na uzito mbele ya mwenyewe, na likishindwa lirudi, hata likiwa la Mwenyekiti. Pili, anayeleta mazao safi alipwe sehemu ya fedha siku ile ile, ili mlanguzi asimpate kwa shida yake. Tatu, vijiji vipange siku moja ya kuanza kuchuma, na ulinzi wa zamu usiku. Msimu uliofuata mizigo ilipungua, na wanachama wengine walituacha kwa hasira. Kwa muda chama kilisimama kwa mguu mmoja. Hata hivyo duka lile liliagiza tena, na wengi wa walioondoka wamerudi.

Liko jambo moja la mwisho. Mpilipili hupanda juu ya mti ulio hai, na mdalasini ukikatwa vizuri huchipua tena. Mazao haya hayautaki mlima mtupu. Maji ya mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam hunywa, hutoka katika misitu yetu. Basi mnunuzi alipaye bei ya haki kwa chupa ya viungo amenunua pamoja nayo sehemu ya maji yake mwenyewe. Haya tumwambie bila kuona haya, mradi kilichomo ndani ya chupa kiwe ni kile kilichoandikwa juu yake.

Ndugu wanachama, miaka 10 si mingi. Bibi zetu walibeba mizigo kichwani bila kuwa na neno katika bei. Sisi tunalo. Tulilinde kwa kuanika, kuchambua na kupima kwa uaminifu, gunia kwa gunia.