Shingo Iliyopinda: Kumpima Miwani Mtoto Ambaye Macho Yake Hayatulii

Wako wapimaji ambao, wakiona tu macho ya mtoto yanachezacheza, huweka kando sanduku la lenzi. Jicho halitulii, husema, miwani itasaidia nini? Hapo wanachanganya hasara mbili. Ya kwanza inatokana na mchezo wenyewe wa macho, yaani nistagmasi, na mara nyingi na retina ambayo haikukomaa vizuri katikati. Hasara hiyo, miwani haiiondoi. Ya pili ni ukungu wa kawaida: kutoona mbali, kutoona karibu, na hasa astigmatizimu, ambayo watoto hawa huwa nayo zaidi ya wenzao, tena kubwa. Jicho changa hujirekebisha ukubwa wake kwa kufuata taswira iliyo wazi. Taswira ikiwa na ukungu tangu uchanga, ukuaji hupotea njia. Hasara hii ya pili inatibika kwa lenzi, na kuiacha ni kumwongezea mtoto upofu ambao hakuzaliwa nao.

Mfano ulio karibu nasi wa watoto wenye macho ya namna hii ni wale wenye ualbino. Kwa Tanzania, kadirio linalotajwa sana ni mtu 1 kati ya 1,400. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba pengo lile lile katika jeni ya OCA2 lilijirudia kwa wengi wa Watanzania wenye ualbino waliochunguzwa; limekutwa pia kwa wasemaji wengine wa lugha za Kibantu. Kwa hiyo darasa la Shinyanga na darasa la Kamina, huko Kongo (DRC), yanaweza kuwa na mwanafunzi wa namna moja: macho yalianza kucheza akiwa na miezi michache, jua linamuumiza, daftari analisogeza karibu na pua. Muulize kama vitu vinatikisika mbele yake, naye atakushangaa. Kwake dunia imetulia.

Kosa kubwa hutokea kwenye kipimo. Kawaida tunaziba jicho moja kwa kiganja na kupima jingine. Kwa watoto wengi wa aina hii, kuziba huko kunazidisha mchezo wa macho: aliyekuwa anasoma herufi za mstari wa katikati anabaki na ile moja kubwa ya juu, naye anaandikiwa kuwa karibu kipofu. Badala ya kuziba, jicho lisilopimwa huwekewa lenzi yenye nguvu ya kuongeza, likaona ukungu bila kufungiwa mwanga. Kisha macho yote mawili hupimwa pamoja, maana ndivyo mtoto anavyoishi.

Mashine ya kupimia yenyewe hushindwa mara kwa mara kulikamata jicho linalokimbia. Retinoskopu ya mkononi, baada ya matone ya kulegeza misuli ya jicho, bado ndiyo ya kutegemewa. Mwanga unapita kwenye mboni, unarudi, unakatika. Unasubiri ile nusu sekunde jicho linapopunguza kasi, unasoma, unabadilisha lenzi. Ni kazi ya subira, na kliniki yenye foleni ndefu haina subira nyingi.

Halafu kuna shingo. Mtoto anageuza uso kushoto, anatazama kwa pembe ya jicho, na mwalimu anamwambia, “Kaa vizuri!” Pembe hiyo ndiyo mahali ambapo macho yake hutulia zaidi. Apimwe akiwa ameipinda hivyohivyo, na fremu iwe pana, kwa kuwa atachungulia kupitia ubavuni mwa lenzi, si katikati.

Kuna tahadhari moja ya kweli: macho yaliyoanza kucheza ghafla kwa mtoto mkubwa, au yanayoambatana na kutapika na maumivu ya kichwa, hayasubiri miwani; ubongo uchunguzwe kwanza.

Kutoka Kamina hadi Lubumbashi ni takribani kilomita 600 za reli. Mzazi aliyefunga safari hiyo na mtoto ili apimwe macho, akarudi na karatasi iliyoandikwa “nistagmasi” bila namba hata moja ya lenzi, amerudi na jina la kitu alichokuwa anakiona mwenyewe nyumbani.