Dawa Ilipofika Shamba

Darajani, mjini Zanzibar, ilipewa jina kwa daraja lililovuka mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulishafukiwa, lakini pahala penyewe hapakuacha kuvusha watu. Kwa miongo mingi gari za shamba zilishusha hapa wenye vikapu vya muhogo na wenye wagonjwa. Wa vikapu waliingia sokoni, kwenye jengo la 1904. Wa wagonjwa walishika njia ya spitali ya Mnazi Mmoja.

Wengi wao walikuwa wameacha kituo cha afya nyuma yao, kijijini. Kwa nini walikipita?

Zamani hapakuwa na cha kupita. Tiba ilikaa mjini. Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan alianza kujenga spitali ya sadaka karibu na bandari, akafariki 1891 kabla haijamalizika. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa mirathi ya Haji Nasur Nurmohamed, na zahanati ikafunguliwa ghorofa ya chini. Roshani zake za mbao zenye nakshi zinapigwa picha mpaka leo. Mgonjwa wa Makunduchi, huko kusini, hazikumfaa kitu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yakawa bure, na vituo vikaanza kusogezwa vijijini. Masafa yakapungua kweli. Kilichobaki ni swali gumu zaidi: mtu akishafika kituoni, anapewa nini?

Malaria ndiyo iliyolijibu waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Unguja na Pemba zilianza kupulizwa dawa ya DDT majumbani, na ugonjwa ukashuka sana. Upulizaji ukasitishwa 1968, malaria ikarudi. Miaka ya 1990 mama alimbeba mtoto mwenye homa hadi kituoni, akapewa klorokwini kwa utaratibu uleule, na homa ikarejea. Uchunguzi ulionesha kuwa dawa hiyo ilikuwa inashindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Muuguzi hakukosea, na kituo kilikuwa wazi. Dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa imekufa, na mama aliyepoteza imani na kituo alikuwa na haki yake.

Septemba 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini, ikaleta dawa mseto yenye artesuneti, bure katika vituo vyote vya serikali. Mwaka 2006 vikafuata vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito na watoto wadogo. Katika Wilaya ya Kaskazini A, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 9 mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye hawakufika asilimia 1. Majengo yalikuwa yaleyale.

Uzazi haukukubali kirahisi hivyo. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwafuatilia wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya Unguja. Nusu ya vituo viliwatumia wanawake ujumbe wa simu na kuwapa vocha ya kumpigia mkunga. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60 upande wa simu, na asilimia 47 upande mwingine. Tofauti hiyo, hata hivyo, ilitoka kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba simu haikubadilisha kitu cha maana, na hapo ndipo pa kusimama na kufikiri: uchungu ukianza usiku wa manane, ujumbe hauleti gari, wala haulipi nauli.

Ndiyo maana mpango wa Jamii ni Afya, ulioenea wilaya zote za Zanzibar kufikia 2021, unaanzia mlangoni. Wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 hupita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, wakiuliza mimba ina miezi mingapi, mtoto ananyonya vipi, na safari ya kwenda kujifungua imepangwa na nani. Mhudumu ni mtu wa shehia hiyohiyo. Anaijua nyumba yenye gari, na anajua dereva wake hulala wapi.