Ngozi nyeusi iliongezwa baadaye: historia ya kipimo cha Fitzpatrick

Ukisoma majarida ya magonjwa ya ngozi, haupiti muda kabla hujakutana na "aina ya ngozi ya I hadi VI". Hicho ndicho kipimo cha Fitzpatrick, na watafiti hukitumia kueleza ngozi za wagonjwa wao ni nyeupe au nyeusi kiasi gani. Wengi wetu tumekikuta tayari kipo, tukakipokea hivyo hivyo. Sasa hebu tujiulize: kilitungwa kwa ajili ya nani?

Twende Boston, Marekani, miaka ya 1970. Madaktari wa Harvard walikuwa na tiba mpya ya soriasisi: mgonjwa anameza dawa ya psoraleni, kisha anamulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Shida ikawa kipimo cha mionzi. Mwanzoni walikadiria kwa kuangalia rangi ya nywele na macho, na baadhi ya wagonjwa wenye nywele na macho meusi wakapewa mionzi mingi mno, wakaungua. Basi mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick akaja na njia nyepesi: muulize mgonjwa mwenyewe, ukikaa juani unaungua, au ngozi inageuka kahawia? Majibu yakampa aina nne, zote za watu weupe.

Ngozi ya kahawia na ngozi nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa aina ya V na ya VI. Mwaka 1988 Fitzpatrick alieleza aina zote sita katika jarida la Archives of Dermatology. Angalia mgawanyo huo: weupe wamechambuliwa kwa makini, halafu Waafrika karibu wote, yaani Msomali, Mkongo na Mnyarwanda, wamebanwa kwenye visanduku viwili vya mwisho.

Kwa kazi ya kupanga mionzi, swali la 1975 lilikuwa zuri. Tatizo lilianza pale fani nzima ilipokigeuza kipimo cha kuungua kuwa kipimo cha rangi.

Picha nazo zilifuata njia hiyo hiyo. Vitabu vimezoea kusema ngozi yenye uvimbe "inakuwa nyekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani; utaona zambarau, kijivu, au weusi uliozidi. Daktari aliyefundishwa kutafuta wekundu tu anaweza kumwambia mgonjwa hana kitu. Mwaka 2020, Jenna Lester na wenzake walikagua picha za dalili za ngozi za UVIKO-19 zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida. Hawakupata hata moja ya aina ya V au VI, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua sana Wamarekani weusi. Kazi nyingine ya Lester ilionyesha kwamba kwenye vitabu, ngozi nyeusi huonekana zaidi kwenye magonjwa ya zinaa kama kaswende. Yaani tulikuwepo, ila kwenye sura hiyo.

Madhara yake ni makubwa. Kwa watu weusi, saratani ya melanoma mara nyingi hutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Kuna waliojibu. Moshi, Tanzania, kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kikifundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Pale ngozi nyeusi ndiyo ya kawaida. London, mwaka 2020, Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alitoa na walimu wake wawili kijitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia.

Lakini hadithi haijaisha. Mwaka 2018 Adewole Adamson na mwenzake walionya katika JAMA Dermatology kwamba programu za kompyuta zinazojifunza kwa picha za ngozi nyeupe zitakosea kwenye ngozi nyeusi. Mashine nayo inasoma vitabu vile vile. Kwa hiyo mwenzangu unayefanya utafiti wa ngozi Muhimbili, Nairobi au Kampala: mgonjwa akiridhia, piga picha, eleza rangi kama unavyoiona, kisha peleka jaridani.