Bata Bukini wa Mpungani: Nani Mgeni, Nani Mwenyeji?

Ndugu mkulima wa bonde la Ruvu, na wewe wa Wami,

Wewe unayeamia mpunga juu ya dungu, teo mkononi, bila shaka umepata kuyasikia maneno haya: "Bata hawa wametoka Ulaya, wamekimbia baridi, wanatumalizia chakula." Leo tuyachunguze, maana nusu yake ni kweli, na nusu ya pili inatupotosha.

Jina lenyewe limembandika ndege huyu ugeni. Watu wa pwani walimwita bata wa Bukini, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska. Huko Ulaya nako watu walikuwa gizani. Baridi ikiingia ndege hutoweka, na wapo wasomi walioshikilia kwamba mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa! Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, akapigwa korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni. Ameruka nao mpaka kule. Amekaushwa, na hadi leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock. Aliyemrushia mkuki alikosa kitoweo, lakini aliwafundisha wasomi wa Ulaya. Kisha mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba.

Bagamoyo nayo imo katika habari hii. Tarehe 4 Desemba 1889 aliingia mjini Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa amepeleka ngozi nyingi za ndege katika makumbusho ya Ulaya. Usiku ule ule akaanguka kutoka ghorofani, akavunjika fuvu, maana macho yake yalikuwa hafifu. (Bingwa wa ndege, na haoni mbali!) Alipona. Ngozi za namna hiyo, zikiandikwa mahali na tarehe, ndizo zilizosaidia kuonyesha ndege gani yuko wapi mwezi gani.

Na mwezi ndio jambo lenyewe. Ndege wa Ulaya na Asia hutujia na kaskazi, na ifikapo Aprili wengi wamekwisha rudi kwao. Wengi wao ni chekeamwezi na sululu, wanaochokoa tope wakitafuta wadudu, pamoja na bata wadogo wachache. Bata bukini wa Ulaya wenyewe hawafiki huku kabisa. Sasa hesabu mwenyewe: mpunga wako wa masika unaiva Juni na Julai. Wageni hawapo! Mwenye maji ya mfereji, avunaye mara mbili, hesabu yake ni nyingine kidogo.

Basi anayekula ni mwenyeji. Mtazame vizuri. Yule mkubwa kupita wote, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, uso mwekundu usio na manyoya, ana kipi kama cha jogoo, lakini kipi chake kiko kwenye bawa. Huyo anapenda punje na miche. Wa rangi ya kahawia, mwenye duara la kahawia iliyokoza kuzunguka jicho, ni bata bukini wa Misri. Yeye zaidi ni mla majani. Dume lenye nundu juu ya mdomo ni bata mwingine tena. Na wale wenye uso mweupe, wapigao mluzi wakiruka, hula sana usiku, ndiyo maana asubuhi unakuta mbegu uliyomwaga imekwisha na mwizi humwoni.

Sumu je? Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu wametega ndege wa mpungani kwa Furadan, dawa ya wadudu, kisha wakawauza kwa kitoweo. Wamekufa bata, wamekufa korongo wala konokono, na sumu ile ikaingia sufuriani. Usifanye hivyo. Amia usiku pia, hasa siku za kumwaga mbegu na za mpunga kukomaa.

Na ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, nakili namba na maneno yote yaliyochorwa, andika mahali na tarehe, kisha umpelekee Bwana Nyama wa wilaya.